Plau iliyokwama njiani: jembe na Injili Ukaguru

Mwaka 1876 Roger Price, mmisionari wa London Missionary Society, alitoka Saadani, pwani ya Tanzania ya leo, na ng'ombe wa kukokota, akishika njia ya Mpwapwa. Hesabu yake ilieleweka: gari moja la ng'ombe lingebeba mizigo ya wapagazi wengi. Mwaka uliofuata Alexander Mackay wa CMS, shirika la kimisionari la Waanglikana, akaifyeka njia hiyo ikawa barabara. Lakini mbung'o walikuwa na lao. Ng'ombe walikufa, magari yakabaki, mizigo ikarudi vichwani mwa wapagazi.

Vifo vya ng'ombe wale vilikwamisha jambo kubwa kuliko usafiri. Mwaka 1840 Thomas Fowell Buxton, aliyewahi kuwa mbunge wa Uingereza na kupigana na biashara ya watumwa, alishikilia kwamba Afrika itaponywa kwa Biblia na plau, viwili pamoja. Biblia ilifika Ukaguru, nchi ya Wakaguru iliyo kwenye njia hiyo. CMS walijenga kituo Mamboya karibu na mwaka 1880, na kufikia 1886 J. T. Last alikwisha kuchapisha sarufi ya Kikaguru. Plau ingekokotwa na nani?

Kwa hiyo Berega, kata iliyo wilayani Kilosa, ndani kidogo ya barabara kuu ya Morogoro–Dodoma, ilikua kama kituo cha misheni katika nchi ya jembe la mkono. Wakaguru hawakuwa wakingoja mtu wa kuwafundisha kulima. Walikuwa na mtama wao, mahindi, maharage, na ndizi kule milimani. Ardhi waliihesabu kwa koo, na ukoo kwa upande wa mama. Kanisa likaleta shule, likaleta hospitali ambayo jina la Berega linafahamika kwayo hadi leo. Mwaka 1965 Dayosisi ya Morogoro ilipozaliwa, askofu wake wa kwanza alikuwa Mwafrika, Gresford Chitemo. Waumini waliojaza makanisa hayo walikuwa wakulima, na zaidi wanawake, waliotoka shambani na tope miguuni.

Aliyekuja na mashine ni serikali ya Uingereza. Mwaka 1947, huko Kongwa, upande wa magharibi wa Berega, mpango wa karanga ulianza kung'oa pori kwa matrekta, mengine yakiwa masalio ya vita. Kiangazi udongo wa Kongwa hukauka ukawa kama tofali. Karanga zikagoma na vyuma vikavunjika. Mpango ulipofutwa mwaka 1951, pauni milioni 36 zilikuwa zimeteketea. Mama wa Kikaguru aliyelima ekari zake mbili kwa jembe hakupoteza hata senti katika hesabu hiyo, na alivuna.

Nalikumbuka jembe lake kila nionapo mafunzo ya kilimo ambayo makanisa mengi ya Afrika Mashariki yanayaita Kilimo kwa Njia ya Mungu. Mwanzo wake ni Brian Oldreive, mkulima wa Zimbabwe, aliyeanza mwaka 1984 kulima bila plau baada ya kuutazama msitu: hakuna anayeutifua, na majani yake hayachomwi. Darasa ni kamba. Imefungwa vizibo vya soda kila sentimita 60, inavutwa toka kigingi hadi kigingi, na kwenye kila kizibo linachimbwa shimo. Mstari unaofuata uko sentimita 75 mbele. Samadi hutiwa shimoni, udongo kidogo juu yake, kisha mbegu baada ya mvua kulowesha ardhi vizuri. Mwisho shamba lote hutandazwa mabua na majani makavu. Wanaliita blanketi la Mungu. Ukilifunua asubuhi baada ya siku tatu za jua, chini yake udongo bado umeshika unyevu.

Mzee wa Kanda ya Kati atasema hilo si geni. Kuna kilimo cha kuberega: unakwangua majani, unayachoma, unapanda bila kutifua. Neno linafanana na jina la Berega, nami sitalazimisha undugu kati yao. Mabwana shamba wamekipiga vita kwa miaka mingi. Kwangu kosa la kuberega ni kiberiti. Kutotifua peke yake si dhambi, na ningependa mafunzo ya makanisa yaanze hapo, kwa kumheshimu mkulima kwa lile alilokwisha kulijua.

Gumu zaidi ni mabua. Kilosa ni wilaya ya wakulima na wafugaji, na Desemba 2000 watu 38 waliuawa Rudewa Mbuyuni katika ugomvi wa pande hizo mbili. Mavuno yakiisha, mashamba huwa malisho. Ng'ombe wa jirani anapolila blanketi hilo kiangazi, mwenye shamba huingia msimu mpya ardhi ikiwa uchi. Kamba yenye vizibo haina jibu la hilo. Jibu linatafutwa kwenye mikutano ya kijiji, ambako mfugaji na mkulima wanaweza kupatana tarehe: hadi lini mabua yalale shambani, na nani ataanza kupitisha mifugo.