Mapenzi ya Kwanza Kuvuka Mipaka ya Jamii: Karatu na Ngorongoro katika Historia ya Filamu

Kamera ilifika Ngorongoro mapema. Filamu ya Bernhard Grzimek kuhusu Serengeti ilitoka mwaka 1959, mwaka uleule ilipoanzishwa Hifadhi ya Ngorongoro, Hatari! ya Howard Hawks, iliyopigwa kaskazini mwa Tanganyika, ikafuata mwaka 1962. Katika ya kwanza wahusika wakuu ni wanyama. Katika ya pili mapenzi yapo, tena ya kuchekesha, lakini wapendanao ni wageni. Wenyeji ni wasaidizi. Kijana wa Kiiraqw aliyempenda binti wa Kimaasai hakuonekana kuwa na kisa.

Kisa cha namna hiyo kilitoka pwani. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji (2021), iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, inamfuata Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa kwa mzee, anayempenda Denge, mpinga ukoloni wa Unguja. Kumpenda Denge ni kujitoa katika ulinzi wa jamaa zake. Uzito wa filamu umo humo, si katika uzuri wa picha zake, ambao umekwisha kusifiwa vya kutosha.

Karatu haikosi vikwazo vya aina hiyo: mahari, jando, na lugha zisizo na nasaba moja, kwani Kiiraqw ni cha Kikushi, Kimaasai na Kidatoga ni vya Kiniloti. Wapenzi hao wangelazimika kubembelezana kwa Kiswahili, lugha ambayo si ya mama wa yeyote kati yao.