Mkuyu wa Mpakani Haukungojewa Tunda

Anayenunua mche wa mtini Busia au Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, siku hizi, swali lake la kwanza kwa muuza miche ni utazaa lini. Ni swali la haki. Mtini wa tini za kula, ambao asili yake ni Asia Magharibi, hauchelewi: kijiti kilichoshika mizizi chaweza kuzaa katika mwaka wa pili au wa tatu, na aina nyingi za bustanini hazihitaji hata nyigu wa kuchavusha. Lakini katika nchi iliyo kati ya mto Sio na mto Malaba, swali lenyewe ni geni. Ndugu wa mtini, yaani mkuyu na miti mingine ya jamii yake, imepandwa kwenye maboma ya huku tangu kabla ya reli na kabla ya forodha, na waliopanda hawakuwa na haja kubwa na tunda. Makuyu yaliachiwa ndege, tumbiri na watoto. Walichongoja wakubwa ni shina linene la kutosha kumfanya jirani akubali kwamba shamba lile lina mwenyewe. Historia ya mti huu mpakani ni historia ya ushahidi wa ardhi. Ukiiandika kama historia ya matunda, utauona kuwa mti uliofeli.

Tazama kwanza unavyopandwa. Hakuna anayehangaika na mbegu. Hukatwa tawi nene kama mkono, refu kupita anapofika ng'ombe, likachomekwa shimoni mvua za Machi zikikaribia, udongo ukashindiliwa kwa mpini wa jembe. Likishika, limekuwa nguzo ya ua yenye majani, tena limesimama pale pale lilipotakiwa, siku ile ile. Minyaa nayo ilifanya kazi hiyo, na bado inaifanya, lakini ua wa mnyaa mchanga waweza kung'olewa usiku na kupandwa hatua tano mbele. Mkuyu unaokumbatiwa na watu wawili hauhamishiki.

Atasema mtu: ng'ambo ya mpaka, Busoga na Buganda, mti wa jamii hii uitwao mutuba ulipandwa kwa sababu ya nguo. Ni kweli. Gome lilibanduliwa, shina likafungwa majani ya mgomba lisikauke, na gome jipya likavunwa baadaye. UNESCO iliitangaza kazi hiyo kuwa urithi wa binadamu mwaka 2005. Wasamia, mafundi wa chuma, walikuwa wakipeleka majembe Busoga, kwa hiyo nguo za gome hazikuwa ajabu upande huu. Ila kama nguo ndiyo ingekuwa sababu yenyewe, miti ingekosa kazi mara pamba ilipoingia. Misafara ya pwani ilifika kwa Mumia, mfalme wa Wawanga, na vitambaa kabla karne ya 19 haijaisha, reli ikafika Kisumu mwaka 1901, na hatua kwa hatua gome na ngozi zikaacha kuvaliwa. Mikuyu haikufuata gome. Ilibaki uani.

Ushahidi mzito zaidi uko kwenye makatazo. Kwa desturi ya Waluhya, mgeni aliyekaribishwa kwenye ardhi ya ukoo, omumenya, alipewa mahali pa kujenga na pa kulima mtama wake, lakini kupanda mti wa kudumu kungemletea maneno na wenyeji. Mwanamke naye alizuiwa. Wataalamu wa mradi wa kuni uliofanya kazi Kakamega miaka ya 1980 walikuta imani kwamba mwanamke akipanda mti atakuwa tasa, au mumewe atakufa. Mradi ulitaka wanawake, ambao ndio watafuta kuni, wawe na miti yao. Ikabidi kugeukia vichaka vinavyokua upesi na kukatwa upesi, ambavyo kwa macho ya wenyeji havikuhesabiwa kuwa miti. Kwa nini kivuli kiogopwe kiasi hicho? Kivuli hakina ukoo. Kilichoogopwa ni dai: aliyepanda mti ana neno la kusema juu ya ardhi iliyo chini yake, na mke aliyeolewa pale, sawa na omumenya, hakutakiwa kuwa na neno hilo. Wanaoyaita makatazo haya ushirikina mtupu hawajayasoma vizuri. Ilikuwa sheria ya ardhi, iliyotumia hofu badala ya faini.

Pingamizi gumu kuliko la nguo ni la ndege. Miti hii hujiotea. Mbegu za baadhi yake huangushwa na ndege kwenye panda la mti mwingine, mizizi ikateremka hadi chini na kumkaba mwenyeji wake. Mti uliojiotea unamshuhudia nani? Jibu liko kwenye umbo. Uliojiotea juu ya mwenzake una shina la mizizi iliyosukana, mara nyingi na uwazi ndani pale mti wa kwanza ulipooza. Uliopandwa kwa gogo una shina moja, na matawi yake yameanzia pamoja karibu na kimo ambapo panga lilikata kichwa. Aghalabu hauko peke yake, uko mstarini na wenzake. Nakubali kwamba mkuyu wa kando ya mto hauthibitishi kitu, maana huko humea wenyewe. Wa kwenye kona ya shamba ni habari nyingine.

Je, hatimiliki haikumaliza ubishi huu? Wengi hudhani hivyo. Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa ya mwaka 1963, kifungu cha 21, ilisema ramani ya masjala huonyesha mipaka kwa kukadiria tu, isipokuwa pale ambapo mipaka imethibitishwa rasmi na kuandikwa hivyo. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 imerudia kanuni hiyo katika kifungu cha 18. Mashamba mengi ya vijijini Kenya yaliingizwa kwenye ramani kwa picha zilizopigwa kutoka angani, na kilichoonekana kwenye picha ni ua. Karatasi ilimwegemea shahidi wa zamani. Hata mpaka wa dola (na eneo hili lote lilikuwa Uganda hadi 1902) haukubuni njia bora sana: amri ya 1926 iliufuatisha mito, Sio, Malaba na Lwakhakha, na mito ilipokosekana, nguzo.

Kinachouondoa mkuyu ni ploti. Miji ya Busia na Malaba imepanuka kwa biashara ya malori, na kwenye ploti ya futi hamsini kwa mia mti huo ni adui: mizizi inapasua ukuta na shimo la choo, na mpaka unasemwa na bikoni ya zege. Hapo ndipo mtini wa kwenye ndoo ulipopata nafasi. Una usumbufu wake. Mvua ikinyesha tini zikiwa zimeiva hupasuka, na sisimizi humtangulia mwenye nyumba. Lakini ndoo haidai ardhi. Mpangaji anaweza kuupanda, mke anaweza, na akihama anaupakia kwenye mkokoteni pamoja na godoro bila mzee yeyote wa ukoo kumwuliza ametumwa na nani.