Mtungi wa Mikindani

Mvua za El Niño za 1997 zilitukuta Mikindani tukinunua maji ya mkokoteni, mtungi wa lita 20, na vyoo vya shimo vimefurika. Bibi alipoanza kuhara tulilaumu mbaazi za jana. Kufika alfajiri, choo chake kilikuwa kama maji yaliyooshewa mchele, macho yameingia ndani, vidole vimesinyaa kama vya dobi. Jirani yetu, nesi mstaafu, alimfinya ngozi ya tumbo, ikabaki imesimama.

"Mwanangu, huyu si wa kuuguzwa nyumbani. Mnyweshe huku mnakwenda."

Akakoroga lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi.

Kilikuwa kipindupindu, na kipindupindu si mgeni Pwani. Daktari James Christie, aliyekaa Unguja, alieleza katika kitabu chake cha 1876 jinsi mlipuko wa 1869 ulivyoandama njia za bara hadi Pangani, kisha ukavuka bahari. Kenya kiliingia tena 1971. Mwaka huohuo, daktari Dilip Mahalanabis aliwanywesha wakimbizi wa Bangladesh maji ya chumvi na sukari, akaokoa wengi ambao dripu zisingewatosha.

Hospitalini Bibi alitundikiwa dripu siku mbili, akarudi akidai uji.

Basi ukihara maji mfululizo, ukiona damu au homa kali, mkojo ukikauka, au mtoto akishindwa kunywa, usingoje kupambazuke.