Alama ya mpaka katika Biblia

Alama ya mpaka katika Agano la Kale, kwa kawaida jiwe, ilitenganisha shamba la mtu na la jirani yake. Kuisogeza kunalaaniwa katika Torati, Mithali, Ayubu na Hosea.

Kumbukumbu la Torati 19:14 inakataza kusogeza mpaka uliowekwa na watu wa kale, lakini haitaji adhabu. Sababu yaonekana: jiwe linaweza kuhamishwa usiku, hatua moja tu, na jembe likishapita ushahidi umekwisha. Ndiyo maana sura ya 27 inamwachia mkosaji laana, ya 3 kati ya 12, ambazo nyingi zinahusu maovu ya sirini. Walawi wanaitamka, watu wote wanaitikia "Amina", na kesi inabaki mikononi mwa Mungu. Mithali 23:10-11 inawaonya wanaomega mashamba ya yatima kwamba mtetezi wa yatima hao ana nguvu.

Kwa mujibu wa Walawi 25, ardhi ni ya Mungu, na iliyouzwa hurudi kwa wenyewe mwaka wa 50, yaani yubile. Kwa hiyo Nabothi wa Yezreeli (1 Wafalme 21) alikataa kumpa mfalme Ahabu shamba lake la mizabibu, urithi wa baba zake, ingawa aliahidiwa lililo bora zaidi au fedha. Mfalme alitaka bustani ya mboga tu! Hapo hakuna aliyegusa jiwe la mpaka. Yezebeli, mke wa Ahabu, aliandika barua kwa muhuri wa mfalme, wakaletwa mashahidi wawili wa uongo, na Nabothi akapigwa mawe hadi kufa. Ulikuwa unyang'anyi wenye nyaraka kamili.

Kama kusogeza jiwe la mpaka, udanganyifu wa sokoni nao ni wa kujificha. Kumbukumbu la Torati 25:13-16 inakataza kubeba mfukoni mawe mawili ya kupimia, zito na jepesi. Shekeli ya Yuda ilikuwa na takriban gramu 11.3, ikipunguzwa kidogo, mnunuzi hawezi kujua kwa macho. Amosi 8:5 inawataja pia wanaopunja kipimo cha nafaka.

Onyo la mipaka halikuwa la Waisraeli peke yao: Mafundisho ya Amenemope, ya Misri ya kale, yanakataza kuingilia mpaka wa mjane. Karibu na Gezeri, kuanzia 1874, mwanaakiolojia Charles Clermont-Ganneau alipata maandishi ya mipaka ya zama za Hekalu la Pili, kwa Kiebrania na Kigiriki. Yamechongwa kwenye mwamba wenyewe, usiohamishika.