Bungu na Kipimo cha Njia

Ndege ikiruka moja kwa moja kutoka Tanga hadi Bungu, juu ya milima ya Usambara wilayani Korogwe, haifikishi kilomita 100. Ila hakuna ndege inayotua Bungu. Tangu kale watu wa huku wamepima masafa kwa saa za kupanda mlima, na mwishowe aliyekaa karibu na njia ndiye aliyepata nguvu.

Katikati ya karne ya 19 nguvu zilikuwa juu mlimani. Mfalme Kimweri ye Nyumbai wa ukoo wa Wakilindi alitawala kutoka Vuga, na amri yake ilifika hadi pwani. Mmisionari Krapf alimfuata huko mwaka 1848 na tena 1852. Wavumbuzi Burton na Speke wakapanda kutokea Pangani mwaka 1857. Mteremko mkali uliowachosha wageni ndio uliowakinga wenyeji dhidi ya mashambulizi ya nyikani.

Kimweri alipofariki, mwanzoni mwa miaka ya 1860, mambo yaligeuka. Mwanawe Semboja alikuwa na makazi Mazinde, chini mlimani, kwenye njia ya misafara. Pembe za ndovu na watumwa walishushwa pwani; nguo, bunduki na baruti vikapandishwa bara. Kwa silaha hizo Semboja alimng'oa kutoka Vuga Shekulwavu, mjukuu wa Kimweri aliyerithi kiti, na nchi ikaingia katika vita vya miaka mingi.

Reli ilifuata tambarare hiyohiyo ya misafara. Wajerumani walianza kuijenga Tanga mwaka 1893. Ilifika Muheza, kilomita 40, mwaka 1896. Kampuni ya reli ikaishiwa fedha, na serikali ya kikoloni ikaichukua mwaka 1899. Korogwe, kilomita 84, ilifikiwa 1902, Mombo 1905, Moshi, kilomita 352, mwaka 1911. Safari ya Tanga hadi Korogwe, iliyomchukua mpagazi siku kadhaa na mzigo kichwani, ikawa ya saa chache. Mashamba ya mkonge yakatanda kando ya reli, na Korogwe ikawa mji.

Bungu ilibaki juu. Treni ilifupisha safari ya bondeni, lakini mwenye ndizi au maharage aliendelea kushuka kwa miguu ndipo aione stesheni. Baadaye barabara kuu nayo ilipita chini. Kwa nchi ya chai kama hii, umbali huo wa njia ni jambo zito: jani lililochumwa linapaswa kufika kiwandani ndani ya saa chache, na mvua ya masika ikiharibu barabara, kilomita zilezile huongezeka saa. Kwa mama mwenye uchungu anayehitaji hospitali, saa hizo ni uhai.

Kwa hiyo anayepanga maendeleo ya Usambara asitosheke na kilomita za ramani. Aandike saa za kutoka kijijini hadi sokoni na hospitalini, za kiangazi na za masika, kisha aanze kujenga pale saa zilipo nyingi zaidi.