Meli iliyopita Igalula ndani ya makasha

Jana hosteli ulizuka ubishi: mshkaji anaunda kimeli cha plastiki, aweke gundi gani? Supagluu inashika fasta ila ni kavu, ukigonga inaachia. Gundi ya plastiki inayeyusha kingo zote mbili kidogo, zikikauka zinakuwa kitu kimoja.

Mi nikakumbuka kwetu Igalula. Enzi za misafara mzigo wa mpagazi ulikuwa kama kilo 30, sasa meli kubwa ingefikaje Ziwa Tanganyika? Reli ikafika Tabora mwaka 1912. Meli ya Graf von Götzen ikajengwa Papenburg, Ujerumani, 1913, ikafunguliwa, ikajaza makasha kama 5,000. Kutoka Dar ikaja kwa treni, ikapita hapo hapo Igalula.

Kigoma waliiunganisha na nini? Ribiti! Inachomwa mpaka iwe nyekundu, inapenyezwa tunduni, inagongwa. Ikipoa inasinyaa na kubana mabamba ya chuma. Ikaingia majini Februari 1915. Julai 1916 Wajerumani wakaizamisha wenyewe, injini wameshazipaka grisi. Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Kinachoniuma ni kimoja. Mafundi watatu wa Kijerumani, Rüter, Wendt na Tellmann, majina yao yapo vitabuni. Vibarua wetu waliobeba yale makasha je? Wadau wa Tabora na Kigoma, mkienda likizo muulizeni babu alisikia nini kwa baba yake. Halafu andikeni.