Oili ya Pikipiki: Jifunze Kuibadilisha Mwenyewe Kabla Injini Haijanoki

Usiku mmoja baada ya swala ya Isha, mpwa wangu alibisha hodi akiwa anasukuma pikipiki, jasho lamtiririka. "Mjomba, imezima ghafla njiani, na kiki haishuki," akaniambia. Niliinama na tochi ya simu. Chini ya injini oili ilikuwa imetapakaa mpaka kwenye tairi la nyuma, na ile boliti ya kumwagia oili haikuwepo. Asubuhi yake alikuwa amebadilishiwa oili kando ya barabara na kijana aliyekuwa na haraka ya kumhudumia mteja mwengine. Boliti haikukazwa sawasawa, ikalegea kidogo kidogo, ikaanguka. Oili ikamwagika njiani na injini ikanoki.

Pikipiki ile ilikuwa ya mkopo, na mkopo wa bodaboda haungoji injini ipone. Malipo ni ya kila siku. Mpwa wangu alikaa wiki tatu bila kazi, na mamake, dadangu mimi, akauza mkufu wake ili pistoni na silinda zinunuliwe.

Simlaumu fundi peke yake. Mpwa wangu alikuwa ameendesha pikipiki miaka miwili bila kujua ile boliti iko wapi. Lau angelijua, dakika moja ya kuinama na kutazama chini ingeliokoa mkufu wa mamake. Ndio maana leo, ndugu msomaji, nimeweka siasa kando ili tuzungumze juu ya oili. Kazi yenyewe ni ya nusu saa, na hufanyika uani kwako.

Oili hufanya kazi gani

Pikipiki nyingi tunazozitumia huku kwetu, kama Boxer na TVS HLX, hupozwa kwa upepo. Hazina rejeta wala maji. Oili ndiyo inayolainisha vyuma visisagane, ndiyo inayobeba uchafu, na ndiyo inayosaidia kuondoa joto. Tena oili hiyo hiyo moja huhudumia injini, gia na klachi kwa pamoja. Pikipiki nyingi ndogo hazina hata taa ya kukuonya oili ikipungua. Ishara ya kwanza huwa ni mlio wa ajabu, na ukiusikia mara nyingi umeshachelewa.

Kwa kuwa klachi imezama ndani ya oili, si kila oili ya gari inafaa. Baadhi ya oili za magari zina dawa za kupunguza msuguano, na hizo huifanya klachi iteleze. Injini inanguruma lakini pikipiki haivuti. Nunua oili ya pikipiki iliyoandikwa JASO MA au JASO MA2 kwenye chupa. Unene wake ni ule uliotajwa kwenye kitabu cha pikipiki yako. Kwa joto la pwani, 20W-50 ndiyo inayotumika sana, lakini kitabu ndicho chenye neno la mwisho.

Kiasi gani? Pikipiki nyingi za 100 hadi 150 huchukua lita moja au zaidi kidogo. Mara nyingi kiasi kimeandikwa kwenye bamba la injini, karibu na mfuniko wa kutilia oili. Usikisie.

Kila baada ya muda gani? Pikipiki mpya hubadilishwa oili ya kwanza mapema, kwa kawaida kabla ya kilomita 1,000, kwa sababu vyuma vipya humwaga vumbi la chuma. Baada ya hapo fuata kitabu, lakini kumbuka kwamba bodaboda ya abiria wawili, mchanga, jua na kusimama kila hatua haifanyi kazi sawa na pikipiki ya kwendea msikitini na kurudi. Wengi wa waendeshaji makini ninaowajua hubadilisha kila kilomita 1,500 hadi 2,000. Anayetembea kilomita 100 kwa siku atafika 2,000 kwa siku 20. Hesabu kwa kilomita, usihesabu kwa hisia.

Jihadhari na oili bandia. Kazi ya oili ni kubeba uchafu, kwa hivyo kuwa nyeusi baada ya siku chache si dalili ya ubovu. Dalili za kutazama ni kizibo kilichoguswa, lebo iliyobandikwa upande, na bei iliyo chini sana kuliko maduka yote. Tazama alama ya ubora ya KEBS pia. Na ukimaliza chupa yako, itoboe au uikate kabla ya kuitupa, kwa sababu chupa nzima yenye lebo nzuri ndiyo mtaji wa wanaojaza oili iliyochujwa upya.

Vifaa

Huhitaji gereji. Tafuta spana ya boksi au ya ringi inayoenea barabara kwenye boliti, beseni kuukuu, faneli, kitambaa, oili mpya, washa mpya ya boliti, na dumu lenye kifuniko la kuwekea oili chafu. Glovu za mpira ni bora, kwa sababu oili iliyotumika ina sumu na si nzuri kuizoesha ngozi. Spana inayocheza kwenye boliti iwache. Itaila pembe zake na utajuta.

Hatua kwa hatua

1. Washa injini dakika tatu au nne mpaka ipate vuguvugu, kisha izime na ungoje kidogo. Oili ya vuguvugu hutoka upesi pamoja na uchafu wake, lakini ya moto sana itakuunguza.

2. Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa mahali palipo sawa. Kwenye mchanga, weka ubao chini ya stendi.

3. Pangusa mchanga kuzunguka mfuniko wa juu na boliti ya chini kabla ya kufungua. Punje ya mchanga ikiingia ndani hufanya kazi ya msasa.

4. Legeza mfuniko wa juu ili hewa ipite. Weka beseni chini, kisha fungua boliti ya kumwagia. Hakikisha ndiyo yenyewe, kwa maana chini ya injini kuna boliti nyingi na si zote za oili. Kwenye baadhi ya pikipiki, hasa za Kichina, springi na wavu mdogo hutoka pamoja na boliti. Piga picha kwa simu ujue mpangilio wake.

5. Wacha oili ichuruzike dakika kumi hadi kumi na tano. Itazame. Vumbi laini sana la chuma si ajabu, lakini ukiona vipande vya chuma vinavyoshikika kwa vidole, mwite fundi kabla ya kuendelea.

6. Safisha wavu kwa mafuta ya taa na uukaushe. Kama pikipiki yako ina filta ya karatasi, ibadilishe kwa mpangilio wa kitabu. Haioshwi.

7. Rudisha boliti na washa yake kwa vidole kwanza, mizunguko kadhaa. Ikikataa, usiilazimishe. Itoe, uanze tena. Injini ni ya aluminiamu, na boliti ya chuma ikiingia kombo hula meno. Ikishakaa kwa mkono, ikaze kwa spana mpaka ishike imara. Usiongeze bomba kwenye mpini wa spana. Kulegeza sana ndiko kulikomponza mpwa wangu, lakini kukaza kupita kiasi nako huvunja.

8. Mimina oili mpya polepole, ubakishe kidogo kwenye chupa. Funga mfuniko, washa injini dakika mbili au tatu bila kuivuta moto, izime, ungoje dakika tano, kisha pima. Kama kuna kioo cha kutazamia, oili iwe kati ya alama mbili. Kama ni kijiti, angalia kitabu kinasemaje: pikipiki nyingi hupimwa kijiti kikiwa kimewekwa tu, bila kuzungushwa. Oili ikizidi nayo ni balaa, hutafuta njia ya kutokea kwenye mipira na kuleta moshi.

9. Inama, utazame boliti. Tembea kilomita moja, uiname tena. Hatua hii usiiruke hata siku ambayo kazi imefanywa na fundi mkubwa.

10. Andika kwenye daftari tarehe na kilomita.

Na kabla ya kukimbilia swala, osha mikono vizuri kwa sabuni na kitambaa. Oili si najisi, lakini tabaka la grisi lililoganda kwenye ngozi na chini ya kucha huzuia maji ya udhu kufika.

Oili chafu usiimwage

Hapa ndipo nina ugomvi na wengi wetu. Oili iliyotumika humwagwa kwenye mtaro, kwenye mchanga nyuma ya choo, au ufukweni. Sehemu kubwa ya pwani yetu imekaa juu ya mawe ya matumbawe yenye matundu, na kinachomwagwa juu hakikawii kufika chini kwenye maji ya kisima. Kisima hicho hunywa wewe na jirani yako. Kinachoingia mtaroni huishia baharini na kwenye mikoko, ambako samaki huzaliana.

Kuna wanaojitetea kwamba huipaka kwenye nguzo kuzuia mchwa. Wazee wetu walihifadhi vyombo vyao kwa sifa na shahamu, vitu vilivyotoka kwa samaki na mnyama. Oili ya injini ina mabaki ya chuma na sumu ya moto, na mvua ya masika huiosha kutoka kwenye nguzo mpaka ardhini. Ihifadhi kwenye dumu, bila kuichanganya na maji wala petroli, na likijaa lipeleke kwenye gereji au kituo cha mafuta chenye pipa la oili chafu. Uliza kwanza. Baadhi hukusanya kwa ajili ya wachukuzi wenye leseni.

Mengine ya kila wiki

Cheni. Hewa ya chumvi ndiyo adui yake mkubwa huku kwetu. Isafishe kwa brashi na mafuta ya taa, ikauke, kisha itie oili ya gia au dawa ya cheni, si ile oili chafu uliyoimwaga jana, kwa maana ina vumbi la chuma. Icheze katikati kwa sentimita 2 hadi 3, au kama kitabu kisemavyo. Ukiifungua kisha ukairudisha, upande uliofungwa wa klipu utazame mwelekeo inakozunguka cheni, la sivyo klipu inaweza kuchomoka.

Chujio la hewa. Kwa wa barabara za mchanga, litazame kila wiki mbili. La sponji huoshwa kwa sabuni, likakauka kabisa na kutiwa oili kidogo. La karatasi hukung'utwa, na likichoka hubadilishwa. Usiendeshe bila chujio kwa kudhani pikipiki itavuta zaidi.

Plagi. Ifungue injini ikiwa baridi. Rangi ya udongo mkavu ni afya. Nyeusi yenye masizi, chujio limeziba au petroli imezidi. Iliyolowa oili, huenda ringi za pistoni zimechoka.

Breki na klachi. Mkono wa klachi ucheze kidogo, milimita chache, kabla haujashika. Breki ya ngoma huwa na mshale wa kuonyesha viatu vimebaki kiasi gani. Ukifika mwisho wa alama, badilisha usikaze zaidi.

Magurudumu. Pima upepo asubuhi tairi likiwa baridi, kwa kipimo, si kwa kidole. Kiwango kimeandikwa kwenye kitabu au kwenye kibandiko cha pikipiki, na cha nyuma huongezeka ukibeba abiria. Gonga spoku kwa spana ndogo; iliyolegea hulia sauti tofauti na wenzake.

Kuosha. Ukitoka ufukweni au umepita maji ya chumvi, mwagia maji baridi siku hiyo hiyo. Usilenge mashine ya maji kwenye vitovu vya magurudumu wala kwenye kabureta.

Ya fundi mwachie fundi

Valvu, klachi ya ndani, kabureta iliyovurugika, na chochote kinachohitaji kuifungua injini, mpelekee mwenye ujuzi na umlipe haki yake. Kujua kubadilisha oili hakukufanyi fundi. Kunakufanya mteja asiyedanganywa. Utajua kuuliza, "Washa mpya iko wapi?" na utasimama pale kuona chupa yako ikifunguliwa mbele ya macho yako.

Mpwa wangu sasa hubadilisha oili mwenyewe kila Ijumaa ya tatu asubuhi, na daftari lake lina kurasa nne. Mkopo ameumaliza, alhamdulillah. Mkufu wa dadangu haujarudi bado, lakini ameanza kuweka akiba yake. Vijana wa steji, mwenye kujua na amfundishe mwenzake. Boliti moja ya oili imetosha kuiangusha nyumba nzima kwa wiki tatu, na kuikaza hakuhitaji zaidi ya spana na dakika moja ya kuinama.